Barua Niliyomwekea Maharaji

Kuna wapangaji wapya wamehamia chini ya nyumba ninayoishi hapa Hurlingham, na siku ya kwanza waliyopika nilisimama kwenye sinki nikiwa na sahani mkononi, nimeganda. Harufu ilipanda kupitia dirisha la jikoni: mafuta ya moto, haradali inayorukaruka kwenye sufuria, kisha kile kitu wanachokiita hing, ambacho ukikinusa kwenye kopo utadhani panya amefia humo, lakini kikiguswa na mafuta kinakutia njaa hata kama umetoka kula. Nilifunga bomba nikakaa. Mimi si mtu wa kulia ovyo, yeyote anayenijua atakuambia hivyo. Siku hiyo nililia mpaka chai ikapoa, na kazini nikafika nimechelewa.

Nililelewa Loresho, mtaa wa matajiri. Nikisema hivyo watu hunitazama mara mbili, kwa hiyo mimi huongeza upesi: eskyuu, makao ya watumishi. Chumba kimoja nyuma ya jumba la familia ya Kihindi, kati ya kamba za nguo na tangi la maji, ambamo mama na mimi tulilala kitanda kimoja. Mama alitoka Bungoma na mimi mgongoni, akapata kazi ya kufua na kupiga pasi, na hapo tukakaa. Habari za baba hazikuulizwa. Mwenye nyumba na mkewe walikuwa na duka mjini, wakiondoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa ya watu wawili tu: Ba, mamake mwenye nyumba, mzee wa sari nyeupe aliyetembea polepole akishika kuta, na Maharaji, mpishi.

Maharaji si jina. Ndivyo walivyomwita mpishi waliyemtoa kwao India kwa kibali cha kazi, na kila mtu akamwita hivyo, mpaka muuza mboga wa langoni. Alikuwa mtu mwembamba, masikio makubwa, mikono ya haraka. Jikoni mwake nyama na mayai havikuvuka mlango. Asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, aliwasha kwanza taa ndogo ya samli mbele ya picha ya mungu wao kwenye kishubaka cha ukuta. Kisha aliniita mlango wa nyuma na kunipa rotli, chapati yao nyembamba, moja ya moto, imepakwa samli na kunyunyiziwa sukari, kabla sijaenda shule. Aliniita beti, yaani binti, na mama akamwita Rozi-ben, dada Rozi. Alikuwa na mke na binti kwao, aliowaona mara moja kila baada ya miaka mitatu.

Halafu mkewe akafa. Simu ilikuja asubuhi, na kwao maiti huchomwa siku hiyohiyo, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kukimbilia ndege. Maharaji alishusha simu, akarudi jikoni, akapika dengu. Alipika dengu vizuri kama siku zote. Mama alipoingia kuchukua nguo akamkuta anakoroga, akauliza kuna nini, naye akamwambia kwa sauti ileile ambayo angemwambia chumvi imeisha.

"Mtu hafiwi namna hiyo," mama aliniambia jioni hiyo, amekasirika kana kwamba kuna aliyemkosea. Hakukuwa na wa kulaumiwa. Lakini mama alikuwa mtu wa matanga. Kwao mtu akifiwa nyumba hujaa, watu wanalala uani, mfiwa haachwi peke yake hata akitaka.

Kwa hiyo Jumamosi wakaja. Kanisa letu lilikuwa Mutuini, banda la mabati katikati ya shamba la mahindi na nyumba mpya za kupangisha, na waumini wengi walikuwa watu wa kwetu magharibi: mafundi, vibarua, wauza mitumba. Wanawake kumi na wawili walitembea kutoka barabara kuu ya Waiyaki hadi lango letu, wamevaa vitambaa vyao vyeupe vya kichwa, wamebeba flaski za chai. Mama alikuwa amewaambia wazi kwamba mfiwa hali nyama. Na bado wakaleta kuku, hotipoti nzima. Mmoja wao alisema matanga bila kuku ni mkutano tu. Maharaji alifunua kifuniko, akakirudisha taratibu sana, akasema asante. Ikabidi kuku aliwe nje ya lango, na yeye akaletewa githeri, mahindi na maharagwe.

Walikaa naye kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Ba aliwatazama dirishani kwa muda mrefu, mimi nikidhani atawafukuza, halafu akamtuma mtunza bustani atoe viti vya plastiki. Wakamuuliza Maharaji mkewe aliitwa nani. Savita, akasema. Basi kila mwanamke alipoomba alilitaja jina hilo, kila mmoja kwa namna yake, hakuna aliyepatia. Hapo ndipo Maharaji alipolia. Alilia kwa sauti, ameshika magoti, na hao wanawake hawakumnyamazisha, walikuwa wamekuja kwa sababu hiyohiyo.

Jumapili iliyofuata alimwomba Ba ruhusa ya nusu siku, akaja nasi Mutuini. Jumapili nyingine pia. Alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, kiatu kimoja nje kimoja ndani, mpaka Mchungaji akamshika mkono na kumketisha mstari wa mbele. Mchungaji alikuwa seremala siku za kazi, mtu mwema, na sitamsema vibaya zaidi ya inavyostahili. Lakini alimpenda Maharaji kwa namna mbili. Alimpenda kama mtu, na alipenda pia wageni wakiingia wamwone Mhindi amekaa pale mbele. Hata mimi mtoto niliiona hiyo, na sikuona ubaya wake. Nilijivunia kwamba ni wetu sisi, wa eskyuu.

Kama mwaka ulipita hivyo. Kisha siku moja, mama akipiga pasi mashati na mimi nikifanya hesabu chini ya meza, Maharaji alikuja akasimama mlangoni na taulo begani.

"Rozi-ben, mimi nataka ingia maji."

Mama akaweka pasi kando. "Umefikiria, Maharaji? Nyumbani kwenu je?"

"Kwetu iko sheria," akasema. "Mtu nataka badili dini, lazima andikia serikali kwanza. Yule nabatiza pia, lazima omba ruhusa. Polisi nakuja nyumbani nauliza. Jina nabandikwa nje ya ofisi, kijiji yote nasoma. Wewe hapana andika, iko jela." Akatabasamu kidogo. "Huku Kenya hapana hiyo. Huku mtu naingia maji, natoka, kwisha."

Nilisikia kila neno, na nikaelewa kila neno vibaya. Shuleni kwetu, mwisho wa muhula, majina ya waliofanya vizuri yalibandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na jina langu lilikuwa miongoni mwao. Mama alikuja akaligusa kwa kidole. Kwa hiyo nilielewa kwamba kwao Maharaji mtu akiokoka serikali yenyewe inambandika ukutani watu wote wamwone, na kwamba yeye, kwa kuwa huku, angelikosa heshima hiyo. Nilimwonea huruma. Hayo ya jela yalinipita kama hayakusemwa.

Alibatizwa mwezi wa saba, baridi ya kukata masikio. Kanisa halikuwa na kisima. Wanaume walichimba shimo nyuma ya banda, wakatandika turubai la lori, na wanawake wakajaza maji kwa mitungi tangu alfajiri. Maharaji alishuka na kanzu ya kuazima, akazamishwa, akaibuka anatetemeka meno yakigongana, na akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Walimpa jina Yakobo. Aliomba jambo moja tu, asipigwe picha. Mchungaji alikuwa amemleta mpiga picha kutoka Dagoretti, akanuna kidogo, lakini akakubali.

Nyumbani hakusema lolote. Ila taa ya kishubaka hakuiwasha tena. Siku ya kwanza ilikaa baridi, siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilipoenda kuchukua rotli yangu nikamkuta Ba jikoni, mahali asipoingia kamwe saa hiyo, amejishikiza ukutani kwa mkono mmoja na kuiwasha taa kwa mwingine. Maharaji alikuwa anakanda unga amempa mgongo. Hawakusemezana. Tangu siku hiyo Ba aliiwasha mwenyewe kila asubuhi.

Mwaka uliofuata binti yake Maharaji akachumbiwa. Ungemwona. Alitembea nyumba nzima anaimba kwa pua. Mwenye nyumba akampa likizo ya miezi miwili, na Jumamosi moja tukaenda naye mjini, mtaa wa maduka ya vitambaa, mama na mimi, kwa sababu alisema yeye ni mwanamume, hajui rangi. Alifunuliwa sari baada ya sari mpaka kaunta ikafunikwa. Mwishoni alichagua nyekundu yenye ukingo wa dhahabu, akamwomba mama ajifunge aione ikiwa imevaliwa. Mama, na kile kitambaa chake cheupe kichwani, akazunguka mbele ya kioo cha duka huku anacheka na kufunika mdomo. "Beti yangu nataonekana hivi," akasema Maharaji, akageuka kando kufuta macho. Alinunua na bangili, na sari nyingine mbili za mashemeji.

Sasa, kanisani kwetu mtu hakusafiri bila barua. Hata ukienda Kakamega wiki moja, unabeba barua ya kutambulishwa, yenye muhuri wa zambarau wa kanisa, ili kanisa la huko likupokee kama ndugu. Binamu yangu aliwahi kwenda Mombasa bila barua, akarudi na hadithi kwamba aliketishwa nyuma kama mgeni na hakuna aliyemsalimu. Hadithi ile ilinitisha kuliko za mazimwi. Kwa hiyo Mchungaji aliposikia Yakobo anasafiri, tena mbali hivyo, akasema huyu lazima apewe barua nzito, na kwa Kiingereza, kwa maana huko nani atasoma Kiswahili.

Kiingereza cha Mchungaji kilikuwa cha kubahatisha. Changu kilikuwa cha darasa la tano, cha kwanza darasani, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wa kuunganisha. Akaniketisha kwenye benchi baada ya ibada, akanisomea kwa Kiswahili na mimi nikaandika kwa Kiingereza, ulimi nje. Yalikuwa maneno yaleyale ya kila barua. Kwamba ndugu Kantibhai, ndilo jina halisi la Maharaji, sasa Yakobo, amebatizwa kwetu siku fulani mbele ya mashahidi hawa. Kwamba ni mtenda kazi pamoja nasi. Kwamba tunamtuma kwenu, mmpokee kama mngetupokea sisi, mmpe nafasi ya kushuhudia, awalete wengi kwa Bwana. Hata fundi wa mabomba akienda mazishini Busia alitumwa alete wengi kwa Bwana, na hakuleta yeyote wala hakuulizwa. Ilikuwa adabu ya kuandika tu. Nikaandika vizuri, bila kufuta hata neno moja.

Maharaji aliipokea kwa mikono miwili, akaigusisha kwenye paji la uso kama alivyofanya na kila kitu kilichoandikwa. Akaisoma. Aliisoma kwa muda mrefu, akanitazama, akaniambia, "Beti, mwandiko mzuri sana." Nilikuwa tayari kupasuka kwa fahari.

Siku ya safari asubuhi, masanduku yake yalikuwa barazani na teksi imeitwa. Mama akanituma jikoni nimletee chupa ya maji ya Maharaji. Nikaiona barua. Ilikuwa rafu ya juu, nyuma ya kopo la unga wa dengu, imekunjwa mara moja, imesukumwa mpaka ukutani, ncha moja tu inaonekana. Amesahau, nikasema. Amesahau barua, na huko atakaa nyuma kama mgeni, na hakuna atakayemsalimu, na serikali haitajua jina lake ili ilibandike.

Yeye alikuwa ndani anagusa miguu ya Ba kuagana. Nilipanda kiti nikaichukua, nikakimbia barazani. Sanduku dogo lilikuwa halijafungwa kwa kamba. Nikalifungua. Sari nyekundu ilikuwa juu kabisa, na nikafikiri, mtoto mwenye akili kama nilivyokuwa, kwamba hapo haitakunjika. Nikailaza katikati ya mikunjo ya ile sari, nikapapasa juu ili isionekane, nikafunga zipu. Nilitaka afike aikute, ashangae, ajue nani alimkumbuka. Teksi ilipotoka langoni alinipungia mkono mpaka ikapinda, na mimi nikaruka mguu mmoja mmoja kwa furaha hadi eskyuu.

Zawadi za harusi kwao hufunuliwa mbele ya watu. Hilo sikulijua. Wanakaa wote, wa upande wa mke na wa upande wa mume, na kila kitambaa kinainuliwa kionekane.

Ilipita zaidi ya miezi miwili. Maharaji hakurudi, na Ba akamwita mama sebuleni, jambo ambalo halikuwa kawaida, akamwambia, "Rozi, kaa." Mama akakaa ukingoni mwa kiti. Mimi nilisimama mlangoni. Ba alieleza polepole, kwa Kiswahili chake cha jikoni. Kwamba sari ilipoinuliwa barua ilianguka mbele ya wakwe. Kwamba mjomba wa bwana harusi alijua Kiingereza, akaisoma kwa sauti. Kwamba mtu akaipeleka polisi, na Maharaji akawekwa ndani siku nne, akiulizwa nani amemtuma, analipwa nani, amekuja kubadilisha watu wangapi. Harusi imesimamishwa. Ndugu yake ameichukua pasipoti yake.

"Hapana rudi," akasema Ba. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Mimi najua zamani. Sisi wawili najua, hapana sema, nyumba iko sawa. Kujua hapana shida, Rozi. Karatasi ndiyo shida."

Mama alikuwa analia. "Lakini kwa nini aliibeba? Alijua mambo ya kwao kuliko sisi. Kwa nini aibebe?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka kabisa nilifungua mdomo, na maneno yalikuwa yameshafika. Na kabla sijasema, mama akajijibu mwenyewe. Uso wake ukabadilika, ukanyooka. "Aliibeba kwa sababu hakuona haya," akasema. "Alijua, na akaibeba."

Nikafunga mdomo. Jumapili mama akasimama akasema hivyohivyo mbele ya kanisa, na kanisa likalia, na Mchungaji akachukua hapo akaendelea. Yakobo wetu amefungwa kwa ajili ya imani. Yakobo wetu alivuka bahari na barua yake kifuani. Kifuani, alisema, wala si katikati ya sari. Kila mwaka, ilipokaribia siku ya ubatizo, tulisimuliwa habari zake, na vijana waliokuwa wanakwepa ushuhuda wakagombezwa kwa jina lake. Mimi nilikaa kwenye benchi nikitazama vidole vyangu. Nilijua kitu kimoja tu wakati huo, kwamba mimi ndiye niliyeiweka. Sikujua bado kwamba hakuwa amesahau.

Hilo lilinijia nikiwa sekondari, kidato cha tatu, kwenye saiba moja ya Kangemi, duka la intaneti, ambako tulikwenda kutafuta mambo ya mradi wa somo la dini. Niliandika nchi yao na neno kubatizwa, nikasoma. Sheria zenyewe zimeandikwa kwa lugha ya upole kabisa. Zinaitwa sheria za uhuru wa dini. Mtu asibadilishwe dini kwa nguvu, kwa hila, wala kwa kushawishiwa na zawadi. Nani atapinga hilo? Na wapo huko, niliona, wanaoamini kwa moyo wote kwamba maskini wao wananunuliwa na wageni. Nikajiuliza sisi tulimpa nini Maharaji. Githeri na chai ya flaski, na kuku ambaye hakumla. Lakini mtu anayetaka kubadilika sharti aiarifu ofisi, na anayembatiza sharti aombe, na anayetumwa kuwaleta wengine ni mhalifu kabisa. Nikaisoma tena barua yangu kichwani, mstari kwa mstari, nikiwa nimekaa pale saiba. Tunamtuma kwenu. Awalete wengi. Nikaona lile kopo la unga wa dengu, na ile karatasi iliyosukumwa mpaka ukutani. Mtu aliyesahau kitu hakisukumi hivyo. Nilitoka nje nikakaa kando ya mtaro, na wenzangu wakadhani chakula cha shule kimenisumbua.

Sikumwambia mama. Ningemwambiaje? Ningekuwa nimemnyang'anya Yakobo wake, na ningempa badala yake mtu mwoga na mtoto mpumbavu.

Miaka ikaenda. Nikasoma, nikapata kazi, mama akaacha pasi akahamia chumba cha kupanga Mutuini karibu na kanisa. Ndipo Ba akafa. Tulikwenda Loresho kuwapa pole, mama na mimi, tukavua viatu mlangoni, tukakaa kwenye shuka nyeupe chini pamoja na wengine. Mama hakubeba kuku. Katikati ya hapo simu ya mke wa mwenye nyumba ikalia, akaongea kwa lugha yao, akatutazama, akaninyooshea simu. "Ni Maharaji, amepiga kutoa pole. Nimemwambia mko hapa." Mama alikuwa ameinamisha kichwa anaomba, hakusikia. Nikaichukua simu nikatoka barazani.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi, Maharaji. Mtoto wa Rozi."

Akasema, "Beti." Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu, alitafuta kila neno. "Beti iko kubwa sasa?"

"Niko mkubwa. Nafanya kazi." Na kwa kuwa nilijua sitapata nafasi nyingine, nikasema yote kwa pumzi moja. "Maharaji, ile barua ni mimi niliiweka kwa sari. Niliipata nyuma ya kopo. Nilifikiri umesahau. Nisamehe."

"Mimi najua," akasema. "Mwandiko yako. Hata polisi naona, hii mwandiko ya mtoto."

Nikaanza kulia.

"Hapana lia. Ile mwandiko ndiyo natoa mimi. Wakili naambia mimi, sema hii mchezo ya mtoto. Mtoto ya dobi naandika, wewe hapana jua." Akaendelea. "Basi mimi nasema. Mbele ya polisi, mbele ya wakwe, kijiji yote. Mimi nasema hapana ingia maji. Hapana jua hiyo kanisa, hapana jua hiyo watu. Naleta kuhani, naosha mimi, wao nafurahi. Mwezi ingine binti yangu naolewa. Sasa iko watoto wawili."

Alisema hilo la watoto kwa fahari, na mimi nikafurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi. Nikamuuliza, na sijui nilipata wapi ujasiri wa kumuuliza mtu mzima jambo kama hilo, kama aliyasema yale kutoka moyoni.

"Kwanza hapana," akasema. "Lakini mtu nasema kitu kila siku, miaka mingi. Sasa mimi hapana jua, beti." Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Rozi-ben nasema nini juu yangu?"

Nikamwambia. Kwamba kila mwaka mama husimama kanisani na kusema alijua na akaibeba, hakuona haya. Kwamba watoto waliozaliwa baadaye wanalijua jina la Yakobo.

Kule kwake kulikuwa na sauti za watoto na mtu akiita.

"Hapana ambia yeye," akasema. "Tafadhali. Huku mimi kwisha. Huko Mutuini wacha Yakobo nakaa."

Kisha akaniaga haraka, kama mtu aliyeona mwingine akiingia chumbani, na simu ikakatika.

Niliporudi ndani mama alikuwa amesimama, ameambiwa ni nani aliyepiga. Alinishika mkono kwa nguvu. "Ulikuwa unaongea naye? Anasemaje? Bado amesimama katika imani?"

Nikamtazama mama yangu. "Amesema nikusalimie," nikamwambia. "Bado amesimama."

Jumapili mama alizipeleka salamu hizo mbele, kitambaa chake kimepigwa pasi, na kanisa zima likainuka likapiga makofi. Nami nikainuka nikapiga pamoja nao, mpaka mikono ikauma.